Sabato Tuliyosubiri Kugawanywa

Alikuwepo nyanya, mama yake baba. Alikuwepo shangazi, aliyekuja kutoka Homa Bay mjini, na baba mdogo, aliyekuja kutoka Isebania. Alikuwepo mzee wa kanisa, ambaye boma lake lilikuwa juu kidogo ya letu. Alikuwepo jirani yetu, mwanika omena, wale dagaa wa ziwani. Halafu sisi: mdogo wangu wa kiume, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, na mimi niliye wa kwanza. Baba na mama walikuwa nje, kando ya nyumba, na udongo juu yao ulikuwa umeanza kuota nyasi.

Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita nilirudi Muhuru Bay kusimamia mabati ya nyumba ile yakishushwa. Kuta zilikuwa zimeanza kuinama na hakuna mtu aliyelala humo tena. Fundi alipotoa bati la mwisho, jua liliingia sebuleni kwa nguvu ambayo chumba kile hakijawahi kuiona, nami nikajikuta nimesimama katikati nikimrudisha kila mtu mahali pake. Nyanya hapa karibu na mlango. Shangazi kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mto. Sisi wanne mkekani, tumebanana kama vifaranga waliosikia mwewe. Fundi akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia aendelee na kazi.

Ili unielewe, inabidi nikueleze kwanza Ijumaa zetu zilivyokuwa.

Sisi ni Wasabato, na kwa nyanya Ijumaa haikuwa siku, ilikuwa mbio. Maji yaletwe kutoka ziwani, sakafu ikandikwe kwa samadi na udongo, viatu vipakwe rangi, pasi ya makaa ipulizwe mpaka machozi yatoke. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ichemke tangu asubuhi ili kesho pasiwe na mtu wa kuwasha moto wa kupika. Harufu ya Ijumaa bado ninayo puani: sakafu mbichi, maharagwe yanayokaribia kuiva, na omena kutoka ufukweni, maana kule omena iko ndani ya kila harufu nyingine. Jua likigusa mlima, kila kitu kilisimama. Tulikaa, tukaimba, halafu kila mtu akasema jambo moja analomshukuru Mungu kwa wiki hiyo, ndipo tukala.

Nyanya alikuwa na sheria kali juu ya jambo hilo moja. Ukisema "asante kwa uzima," alikurudisha. "Uzima hata mbuzi anao. Wewe Mungu alikupa nini?" Alitaka kitu cha wiki hii, kitu ulichokishika, ulichokiona au ulichokila. Na hakutaka mtu aombe huku akijifanya anashukuru. "Nyasaye si mtoto," alisema, akimtaja Mungu kwa Kiluo, "hadanganywi na peremende." Tulikuwa tukitembea wiki nzima tukitafuta cha kusema. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kurudi mbio kutoka malishoni kwa sababu alikuwa amepata shukrani yake na aliogopa kuisahau.

Mwaka wa Sabato ninayoisimulia ndipo wazazi wetu walipoondoka, mama akimfuata baba kabla hata hatujazoea kusema "marehemu." Nyanya alibaki nasi, lakini macho yake yalikuwa yakififia. Alianza kuchagua mawe kwenye maharagwe kwa vidole, kisha akaacha kabisa. Mimi nilikuwa darasa la saba. Muhula mmoja nilienda siku chache, muhula uliofuata sikuenda. Nyanya alijua. Alilia, akanishika kichwa. Asubuhi nikawa ninateremka ufukweni kumsaidia jirani yetu kutandaza omena kwenye nyavu kuukuu, kuigeuza jua likipanda, na kufukuza ndege. Alinilipa kwa omena na unga. Mchana nilikuwa ninapanda nyumbani kupika uji.

Ndugu za baba hawakujua. Hatukuwadanganya. Hawakuuliza, nasi hatukusema.

Kisha ujumbe ukaja kwamba shangazi na baba mdogo wanakuja "kutupanga." Neno hilo lilininyima hamu ya kula. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameusikia mpango wote kutoka kwa mtu aliyeleta ujumbe: mimi niende Homa Bay nimsaidie shangazi na watoto wake, yeye aende Isebania akae dukani kwa baba mdogo, dada yetu apelekwe Rusinga kwa watu wa mama, na kitinda mimba abaki na nyanya mpaka itakapoonekana la kufanya. Nilimkanya asiwaambie wadogo. Alikuwa ameshawaambia.

"Dada," kitinda mimba aliniuliza, "Isebania kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Sasa watu wanaoga wapi?"

Walitakiwa kufika Alhamisi, ili kikao kiwe Ijumaa asubuhi. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari lao likakwama, na walipoingia uani Ijumaa, wamepakwa matope mpaka magotini, jua lilikuwa limebakisha upana wa kiganja. Baba mdogo hakukaa hata vizuri. Alisema, "Mama, tumechelewa, kwa hiyo tuanze moja kwa moja na lile jambo."

Nyanya akageuza uso kuelekea joto la jua mlangoni. "Jua linazama, mwanangu. Mambo ya dunia tutayasikia kesho likizama tena. Nawa miguu."

Basi ikawa hivyo. Usiku mzima na siku nzima iliyofuata, kila mmoja wetu alijua kilichowaleta, na hakuna aliyeruhusiwa kukitaja. Sijui kama umewahi kukaa karibu na mtu aliyeshika kisu bila kukuonyesha yuko tayari kukata nini.

Mzee wa kanisa alishuka kufungua Sabato pamoja nasi. Tuliimba. Zikafika shukrani, na baba mdogo akasimama, mtu wa biashara, sauti yake nzito.

"Mimi namshukuru Mungu kwa duka langu. Limepanuka. Sasa lina nafasi nyuma, hata kijana mmoja anaweza kulala bila shida."

Nyanya alikohoa.

Shangazi akafuata. "Nami namshukuru Mungu kwa watoto wangu, ingawa ni wadogo na wananichosha. Na ningekuwa na msichana mkubwa kidogo pale nyumbani..."

"Hilo ni ombi," nyanya alisema. "Toa shukrani."

"Mama, ni shukrani."

"Ni kikao, umekivalisha kitambaa cha kanisani. Toa shukrani."

Shangazi akafikiri. "Basi namshukuru Mungu kwa gari lililokwama, halafu likakwamuka."

"Kwa jasho la nani?" baba mdogo akauliza, na mzee wa kanisa akacheka mpaka akashika tumbo. Hata mimi nilicheka kidogo. Mdogo wangu wa kiume alishukuru kwa kichwa cha mbuta alichopewa na wavuvi. Dada yetu alishukuru kwa utepe aliouokota, na nyanya akaupapasa kuhakikisha kwamba upo. Kisha kitinda mimba akasimama, mikono nyuma, kama tulivyomfundisha.

"Asante Mungu kwa sababu dada aliacha shule," alisema kwa sauti ya kupendeza. "Sasa nakunywa uji mchana."

Watu wazima waligeuka kumtazama. Yeye akadhani hajasikika vizuri, akaongeza: "Na asante kwa sababu nyanya haoni. Sasa mimi ndiye ninayempeleka chooni, nami ndiye kiongozi."

Shangazi alinitazama, kisha akamtazama nyanya, kisha akanitazama tena. "Ameacha shule? Mama! Huoni?"

"Sabato imefunguliwa, binti yangu," nyanya alisema polepole. "Bado mmoja hajashukuru."

Mmoja huyo nilikuwa mimi.  Niliona tu moto na kilichokuwa juu yake. "Namshukuru Mungu kwa sufuria," nikasema.

"Sufuria imefanya nini?"

"Haijatoboka."

Nyanya aliikubali. Tukala, na sikumbuki ladha ya chochote.

Sabato yenyewe ilikuwa ndefu kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuishika. Kanisani niliimba bila kujisikia. Shangazi aliketi nyuma yetu, na nilijua anatazama visigino vyangu vilivyopasuka na magamba ya omena yaliyokuwa yamegoma kutoka mikononi mwangu hata kwa sabuni. Baada ya ibada watu walitusalimu kwa upole ambao watu huwapa waliofiwa. Mimi nilikuwa ninapiga hesabu isiyokubali: tulikuwa na blanketi moja kubwa, la mama, tulilojifunika sote. Likigawanywa mara nne halimfuniki mtu yeyote. Likienda na mmoja, watatu watajifunika nini? Nilifikiri juu ya blanketi kwa sababu sikuweza kufikiri juu ya kitinda mimba akiamka asubuhi bila sisi.

Usidhani shangazi alikuwa mbaya. Alikuwa amelala macho wazi usiku ule, nilimsikia. Baba mdogo naye, nyuma ya lile duka, kwa kweli alikuwa ameshamnunulia mdogo wangu kitanda. Walitupenda. Walichokiona ni nyumba isiyo na mtu mzima mwenye macho. Na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumkatalia.

Mchana tulikaa uani tukiwa na nguo za kanisani. Upepo ukageuka, ukaanza kutoka ziwani, mkali na wenye harufu ya mvua. Nyanya aliinua kichwa.

"Omena ya jirani iko nje?"

Nikatazama ufukweni. Jirani yetu alikuwa Mkatoliki, mwanamke wa Kikuria kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Sirare. Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi, na kwa kuwa sisi hatukuwepo, alikuwa peke yake. Nyavu zake zote zilikuwa zimetandazwa, na yeye alikuwa anakimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama mtu anayezima moto.

"Iko nje," nikasema.

"Basi ng'ombe wake ametumbukia kisimani," nyanya alisema, akimaanisha yule ambaye Yesu alisema huokolewa hata siku ya Sabato. "Mnasubiri nini?"

Tuliteremka mbio. Sikujua kama wakubwa wanatufuata. Omena ikilowa ikiwa nusu kavu, inaoza na kubaki chakula cha kuku, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake ya wiki, na yetu. Hatukusemezana. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulishika ncha za wavu tukaukunja kuelekea katikati. Dada yetu alifuata na ufagio mdogo akikusanya iliyomwagika. Kitinda mimba alikaa ndani ya mdomo wa gunia, miguu imetanuka, ili upepo usiufunge. Ndivyo tulivyozoea. Wavu mmoja ukiisha, kitinda mimba aliruka nje, akaburuta gunia lingine, akakaa tena. Niliinua macho nikamwona baba mdogo amebeba gunia begani, koti la suti likipeperuka, na shangazi, viatu mkononi, kanga yake nzuri ameikunja mbele imejaa omena, anasema, "Bwana nisamehe, Bwana nisamehe," na kila akisema anachota nyingine.

Mvua ilitukuta tunaingiza gunia la mwisho kwenye kibanda. Tulisimama humo tumebanana, tunahema.

"Mama wa mjini," jirani alimwambia shangazi, "leo utanuka kama sisi."

"Acha ninuke," shangazi alisema. "Kanisani si mpaka wiki ijayo?"

Walicheka wote wawili. Ndipo dada yetu mdogo, aliyekuwa amemshika jirani kanga, akamwambia kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa: "Leo jua likizama tunagawanywa."

Jirani aliacha kucheka. Alitazama mvua.

Jioni, tulipokwisha kuifunga Sabato kwa wimbo, na kabla mtu hajakohoa, jirani yetu aliingia. Nguo yake ilikuwa bado mbichi, rozari ikichungulia kifuani. Alisalimia, akakaa sakafuni karibu na nyanya bila kukaribishwa.

Baba mdogo alianza. Alizungumza vizuri, bila hasira. "Mtoto hasomi. Mama haoni. Naomba mtu mmoja aniambie: usiku wakiumwa hawa, mtu mzima hapa ni nani?"

"Swali ni la haki," mzee wa kanisa alisema.

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Mtu mzima ni mimi."

Baba mdogo alinitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kofi. "Wewe ni mtoto, binti wa ndugu yangu. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Mimi ni mtoto. Lakini siendi. Mkimchukua mmoja, mtanikuta njiani."

Shangazi alianza kulia kimya kimya. Jirani ndiye aliyezungumza, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ambacho hakikuwa na haraka.

"Ninyi mmeanza kuwaza sasa hivi, kwa kuwa Sabato ilikuwa imewafunga midomo. Mimi haikunifunga. Nimewaza tangu mchana. Mnatafuta mtu mzima, nipo. Nitahamia humu. Nitalala pale mlangoni. Nina macho mawili, yote yanaona."

"Wewe si wa ukoo," shangazi alisema, akijifuta. "Sisemi vibaya, mama. Lakini kesho ukifunga mizigo urudi kwenu?"

"Mchana ulibeba omena yangu kwa kanga yako ya kanisani. Uliniuliza ukoo?"

"Na ukichoka?"

"Nikichoka utasikia. Mimi si mtu wa kuchoka kimya."

Mzee wa kanisa akamgeukia nyanya. "Mama, unasemaje?"

Nyanya aliupapasa mkono wa jirani, akaushika. "Nimewahi kumsikia mwanamke huyu akigombana na ndege, na mbwa, na wavuvi," alisema. "Sijamsikia akigombana na mtoto."

Walizungumza mpaka uji ukapoa. Mwishoni shangazi alikuja mkekani, akachuchumaa mbele yangu, akaninusa mkono. "Mnanuka sawasawa wote wanne," alisema. "Nitawatenganishaje?" Wakakubaliana: tubaki, wadogo wasikose shule hata siku moja, na baba mdogo atume unga. Mimi waliniuliza kama nataka kurudi darasani. Nilisema ninataka kubaki nyumbani mpaka wengine wamalize, na nililisema nikiwa na akili zangu. Sijawahi kulibadilisha.

Jirani alihamia kwetu kesho yake na mkeka wake. Akalala mlangoni miaka mingi. Tulikuwa na Sabato ya nyanya Jumamosi na misa yake Jumapili, kiasi kwamba Jumatatu tulianza kazi tukiwa tumechoka kupumzika. Ijumaa alikaa nasi, naye akashukuru kama sisi, kwa mambo ya ajabu: kwa jogoo aliyekufa kabla hajamdonoa tena, kwa mvuvi mlevi aliyemlipa omena badala ya kumdai. Kitinda mimba alipougua malaria kali, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akiomba kwa sauti, na alipomrudisha alimkabidhi mikononi mwangu akasema, "Shika mtoto wako."

Sasa nyanya amelala kando ya baba na mama. Mdogo wangu wa kiume ni fundi umeme Migori, dada yetu anafundisha watoto wadogo Homa Bay, na kitinda mimba yuko chuoni na ni mrefu kuliko mlango tuliokuwa tukipita. Walitawanyika, lakini kwa miguu yao. Ufukweni nyavu za chini zimepungua, wengi wanaanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa, na watoto wanaofukuza ndege hawanijui. Nyumba ndiyo hiyo, imebaki lundo la mabati yaliyoegemezwa kwenye mti.

Jirani yetu alirudi kwao kitinda mimba alipoingia sekondari. Anakaa na binti yake upande wa Sirare. Nimewahi kumtembelea, na kila nilipofungua mdomo kumshukuru, alinikatiza: "Kula kwanza." Nilipokula alinipa habari za mbuzi, mpaka wakati wa gari ukafika. Nilijiambia anajua.

Lakini siku ile ya mabati, mwanamke mmoja mzee wa ufukweni alisimama nami akitazama paa likishuka. Akasema, kama jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba wiki ile ndugu zetu walipokuja, jirani yetu alikuwa ameshafunga mizigo kurudi kwao. Omena ile tuliyoiokoa ilikuwa ya mwisho. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kujifungua, na hakuwa na mtu mwingine, na mama yake alikuwa amemwahidi kuwa pale. Hakwenda. Binti alijifungua peke yake. Mtoto yule aliishi siku chache tu.

Nimekaa na binti huyo meza moja. Amenipakulia chakula. Amenimwagia maji ya kunawa, amenisindikiza mpaka barabarani, na hakuna siku aliyonitazama kama mtu aliyechukua kitu chake.

Tangu siku ile nimesafiri mpaka Isebania zaidi ya mara moja. Nimesimama pale malori yanapopanga foleni, wabadilishaji fedha wakiniita mama, mama, nikiutazama upande wa pili wa mpaka, Sirare, ambako mtu huvuka kwa miguu. Kila safari nimenunua sabuni au sukari, nikarudi nyumbani. Namwogopa binti yule. Namwogopa kuliko nilivyowaogopa shangazi na baba mdogo, maana wale walikuja kuchukua, na huyu alishatoa kabla sijajua jina lake.

Mungu nimemshukuru kwa wadogo zangu kila Ijumaa, nikiwataja mmoja mmoja. Binti yule hajasikia neno lolote kutoka kwangu.